Fungate ya Momela: Heroe Si Mapambo ya Harusi



Sisi ni mafundi cherehani. Duka letu lipo Sokon I, Arusha mjini, na kazi yetu kubwa ni nguo za maharusi: magauni ya shela, baibui za kutokea siku ya pili, mitandio, na kanzu za waume wakikubali kupimwa. Mizigo mingi tunaipandisha basi mpaka Dar, halafu boti mpaka Unguja. Na karibu kila oda inayotoka kisiwani inakuja na swali moja: "Dada, tukija fungate huko kwenu, tuende wapi tupate picha na flamingo?"

Leo tunalijibu. Njooni Momela, tena njooni kwa furaha zote. Lakini shela iacheni hotelini, droni iacheni kwa mwenyewe, na ndege waacheni wale chakula chao.

Tunajua kuna watakaonuna. Picha ya bibi harusi amesimama kando ya maji, nyuma yake kundi la heroe linaruka na anga lote limegeuka waridi, imeshakuwa kama sare. Kila bibi harusi anaitaka kwa sababu aliyemtangulia anayo. Lakini tujiulize kidogo: kwa nini ndege wale wanaruka? Heroe hajui kama kuna harusi. Akiruka mchana mbele ya watu, ameogopa.

Mteja wetu mmoja alituletea gauni tulitengeneze upindo uliochanika, akatuonyesha na video. Siyo ya hapa Momela, ni ziwa jingine la magadi lisilo na mlinzi. Msaidizi wa mpiga picha anakimbia ukingoni akipiga makofi na kurusha mawe majini ili ndege waruke, bibi harusi yuko mbele anatabasamu, shela inaburuzwa kwenye tope. Mara tatu walirudia, maana mara ya kwanza upepo uliligeuza shela na mara ya pili bwana harusi alikuwa amefumba macho. Gauni tulilitengeneza likarudi kama jipya. Wale ndege nani aliwatengeneza?

Kwa wasiojua, heroe anakula kichwa kikiwa chini juu. Mdomo wake una vichujio vidogo ndani, kama chekeche, anayavuta maji ya magadi na kubakiza vimelea vya kijani ambavyo havionekani kwa macho yetu. Chakula ni kidogo mno kwa kila funda, kwa hiyo lazima achuje muda mrefu sana kwa siku ndipo ashibe. Na ile rangi ya waridi mnayoipenda haikuja bure, inatokana na chakula hicho hicho. Sisi tunaouza vitambaa tunalielewa hilo upesi: rangi ya heroe ni rangi ya kulishwa. Ukimkatiza kula mara tatu kwa ajili ya picha moja, umemlazimisha atumie nguvu alizokuwa anazikusanya kwa safari yake. Maana huyu ni msafiri. Anahama kutoka ziwa hili kwenda lile, mara nyingi usiku, na karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki huanguliwa Ziwa Natron, kaskazini magharibi ya mlima wetu huu wa Meru. Momela kwao ni kituo cha kula na kupumzika. Nyumbani kwao hasa si hapa.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Tunafundishwa kisa cha maswahaba walipokuwa safarini wakachukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akawa anapigapiga mbawa juu yao. Mtume (s.a.w.) aliuliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Ndege mdogo tu, wa njiani, na watu wale hawakuwa na nia mbaya. Sasa fungate ni siku tunazoziombea baraka. Tuzianze kwa kufukuza viumbe?

Haya, Momela yenyewe ni mahali gani? Wengi wanadhani imekuwa mbuga tangu dunia iumbwe. Pale palikuwa shamba. Familia ya Kijerumani ya Trappe ilifika kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, wakafuga na kulima chini ya mlima, na bibi wa nyumba hiyo, Margarete Trappe, akajulikana kwa uwindaji mpaka simulizi zake zikafika Ulaya. Alifariki 1957. Mwaka 1960 ilitangazwa Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto, na sehemu ya ardhi ya shamba ikaingia humo. Mwaka 1967, mlima Meru ulipounganishwa, jina likawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, hii tunayoijua leo chini ya TANAPA.

Katikati hapo walikuja watu wa sinema. Filamu ya Hatari!, iliyotoka 1962 na John Wayne akiwa mbele, ilipigwa kwa sehemu hapo Momela. Hadithi yake ni watu wanaokamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama huko ng'ambo: magari yanakimbiza twiga, yanakimbiza faru, kamba shingoni. Mwigizaji mmoja wa filamu hiyo, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda mahali mpaka akanunua shamba akaishi. Na hadi leo nyumba moja ya wageni huko inaitwa kwa jina la filamu.

Tunalisema hili kwa sababu. Picha ya kwanza ya Momela iliyotembea duniani ilikuwa ya kukimbiza wanyama. Zaidi ya miaka sitini imepita, faru hutamkuta tena pale, halafu na sisi tunakuja na droni kufanya yale yale kwa gauni jeupe.

Kuna na habari ambayo waongozaji wengi hawaisemi mpaka uwaulize. Jirani kabisa na Momela kuna Engare Nanyuki. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu kutoka ardhi yao huko, watu wapatao 3,000, nyumba zikachomwa, ardhi ikatengwa kwa mashamba ya ng'ombe ya Wazungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York akaieleza kesi hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa. Hapa Sokon I tunaishi na Wameru, wengine ni wateja wetu, na wazee wao habari hiyo wanaisimulia kama ya jana. Kwa hiyo ukikaa kwenye veranda ya nyumba ya zamani unakunywa chai na kusifia "mashamba ya kizamani yalivyokuwa mazuri," ujue uzuri ule ulikuwa na wenyewe na ulikuwa na waliofukuzwa. Hatusemi usinywe chai. Chai ya huku ni nzuri, na kahawa ni nzuri zaidi.

Sasa twende kwenye jambo ambalo nyie wa visiwani mtalipenda: msimu.

Harusi zetu zinafuata mwezi. Tunaoa Shaabani tukiiwahi Ramadhani, na tunaoa Mfunguo Mosi baada ya Idi. Ndege wanafuata mvua na jua. Kalenda hizi mbili hazitembei pamoja, maana mwaka wa mwezi unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2024 Idi ya kufungua ilikuwa kati ya mwanzo na katikati ya Aprili, mwaka 2025 mwisho wa Machi. Maana yake maharusi wote wa Mfunguo Mosi walikuja huku masika yakiwa yameanza au yamekolea. Barabara za ndani ya hifadhi ni tope, mlima umejifunika mawingu siku nne mfululizo, na mvua kubwa inapoingia ziwani magadi yanazimuliwa, chakula cha heroe kinapungua, nao wanakwenda zao. Bibi harusi anafika amelipa kila kitu, anakuta maji matupu na bata wawili. Anarudi analaumu dereva.

Dereva hana kosa, dada. Hakuna aliyeandikiana mkataba na ndege.

Ushauri wetu ni kuitenga fungate na harusi. Wazee wetu waliita fungate kwa sababu ya zile siku saba za baada ya ndoa, zikae hapo hapo kisiwani kwa mapishi, udi na mapumziko. Safari ya bara iwe kitu kingine na kalenda yake. Oeni Mfunguo Mosi kama mnavyopenda, halafu njooni Agosti au Septemba, ardhi imekauka na wanyama wanaonekana mbali. Juni na Julai pia ni pazuri ila baridi ya Arusha asubuhi itakushangaza. Watoto wa Unguja tunawaona dukani wanatetemeka wakitafuta sweta, na hapo mjini tu, bado hawajapanda mlimani.

Au njooni wakati wa kaskazi. Kuanzia Oktoba hivi wanaanza kuingia wageni kutoka Ulaya na Asia, bata wa aina aina, vitwitwi wanaokimbia ukingoni mwa maji, mbayuwayu, korongo weupe. Wanakaa mpaka karibu Aprili, kusi likikaribia nao wanaondoka. Ndivyo hasa majahazi ya babu zetu yalivyokuwa yakija na kuondoka. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa habari hii, anaijua kwa upepo. Januari na Februari, kati ya vuli na masika, ni wakati mzuri mno na wengi hawaufikirii. Na kwa mliokwisha kupiga hesabu: mwaka 2030 Idi inatarajiwa mwanzoni mwa Februari. Maharusi wa mwaka huo watabahatika, mwezi na ndege watakutana.

Wakati wowote utakaokuja, wapo wasiohama. Mbega wa msituni ndiye tunayempenda kupita wote. Ninyi mna kima punju wa Jozani, basi mbega ni wa ukoo huo, ila huyu ni mweusi na ana shuka jeupe refu linalomwagika kutoka mabegani mpaka kiunoni, na mkia wenye kishada. Akiruka kutoka mti hadi mti lile jeupe linafunguka kama shela la hariri, na hakuna fundi aliyewahi kukata kitu kikakaa vile. Zamani ngozi zao zilipelekwa Ulaya kwa maelfu kushonwa makoti na mapambo ya wanawake. Kila tukikumbuka hilo tunashukuru Mungu kwamba siku hizi kuna vitambaa.

Twiga ni wengi, na watulivu kweli. Nyati wapo na hao si watulivu. Pundamilia, ngiri, pongo, nyani wa kutosha. Simba kwa kawaida hawapo, ndiyo maana hifadhi hii unaweza kutembea kwa miguu, ila lazima uongozane na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Hii ndiyo sehemu tunayowasihi msiikose. Ukiwa garini unaona wanyama kama unavyoona runinga. Ukiwa kwa miguu, twiga akakutazama kutoka juu umbali wa hatua thelathini, ukimya wake unakuingia mwilini. Matembezi ya kutoka lango la Momela kupita uwanda wa nyati hadi maporomoko ya Tululusia yanafanywa na mtu yeyote mwenye afya ya kawaida. Kuna pia mtumbwi kwenye Momela Ndogo, mnakaa wawili na kasia zenu, huku mwongozaji akiwa karibu. Kwa wanandoa wapya huo mtumbwi ni somo tosha. Mmoja akivuta kulia na mwingine kushoto mtazunguka hapo hapo mpaka adhuhuri.

Ngurdoto mtaitazama kutoka juu ya ukingo tu. Ni kreta ya upana wa kama kilomita tatu, chini kuna majani na maji na wanyama wao, na wageni hawaruhusiwi kushuka. Uwe nani, ulipe nini, hushuki. Tunaupenda sana utaratibu huo. Katika nchi ambayo siku hizi kila kitu kina bei yake, kuna bonde moja ambalo wanyama wameachiwa wenyewe.

Mavazi, maana hapa ndipo kazi yetu ilipo. Msiwasikilize wanaosema huwezi kutembea porini bila kuvaa suruali ya kubana. Vaa suruali pana ya pamba ndani, juu baibui au dira lililokatwa pana, upindo uishie juu ya kifundo cha mguu, upana wa vidole vinne hivi. Likiburuza litakusanya umande, miiba na mbegu za nyasi, na ukirudi nyuma ghafla utalikanyaga. Usiombe mpasuo, omba marinda mawili ya nyuma, yanafunguka ukipanda na kufunga ukisimama. Rangi iwe ya udongo au ya majani makavu. Shanga na vikung'aro vibaki ukumbini, vinapiga mwanga na kuwashtua wanyama, halafu vinadondoka. Mtandio uwe wa pamba, usiofumuka kwa upepo, na ubanwe kwa vishikizo vya kubonyeza, pini zikianguka kwenye nyasi ndio basi. Viatu vya kufunga. Kanga moja ya ziada kwenye begi itakufaa kwa kukalia, kwa kujifunika baridi na kwa kuswalia.

Maji ya udhu beba ya kwako. Maziwa yale ni ya magadi na ukingoni huruhusiwi kushuka hovyo. Kibla, mkiwa Momela, ni kaskazini mkielekea mashariki kidogo. Mlima Meru, mita zake 4,566, unakuwa mkono wako wa kushoto, na siku ya anga safi Kilimanjaro iko mkono wa kulia. Muombeni askari awachagulie mahali pa wazi pa kuswali. Wanajua, wameshazoea, na sisi hatujawahi kukatazwa. Mkitaka kundi la wanawake watupu ulizeni mapema kama yuko askari wa kike zamu hiyo.

Na wapiga picha? Hatuwachukii, tunakula nao sahani moja. Kupiga picha za kazi ndani ya hifadhi kuna kibali chake, na droni hairuhusiwi bila kibali. Anayekwambia "nitaipenyeza tu" anakutafutia aibu ya kusimamishwa langoni na jamaa zako wapya wakiangalia. Vile vikaratasi vya kung'aa na moshi wa rangi, wala msivitaje huku. Simu ya kawaida mkononi, mmesimama pamoja na vumbi kwenye viatu, ni picha ambayo miaka kumi baadaye utaicheka kwa mapenzi. Ile ya shela mtaipiga hapa mjini au huko kwenu ufukweni, saa ya jua kuzama, bila kumsumbua kiumbe.

Mama mmoja mkwe alitupinga dukani juu ya haya, akasema pesa ya hifadhi ni bora inunuliwe mapambo ya ukumbi, watu waone. Tulimuuliza mapambo ya harusi ya mwanawe mkubwa yako wapi sasa. Akafikiri, akasema yalikodishwa. Bei zote hatukubaliani naye bado, na gauni la mkwewe la Shaabani liko mezani kwetu likisubiri upindo, ila juzi ametuma ujumbe kuuliza kama Septemba tunaweza kumshonea na yeye baibui la marinda mawili, la rangi ya majani makavu.